Sentimita Kumi na Nne

Mimi ni karani wa Baraza. Kazi yangu ni vitenzi vya kujificha:
ilielezwa, ilikubaliwa, iliazimiwa.
Miaka kumi na tisa nimeandika mihtasari
na ndani yake hakuna mtu aliyefanya jambo;
mambo yalifanyika tu,
kama ukungu unavyoshuka kutoka Loleza bila kubisha hodi.

Kisha kata ya Iwelo ikatuletea Subilaga Mwankusye,
mhandisi wa maji, sweta la kijani lililotoboka kiwiko,
penseli sikioni kama seremala.
Siku ya kwanza hakutoa hoja.
Aliweka mezani chupa ya maji ya mto, mazito kama uji wa ulezi,
akasema: "Waheshimiwa, tusubiri."

Tukasubiri. Soda zikafunguliwa. Mstahiki Meya akatazama saa.
Tope likashuka taratibu:
mchanga kwanza, kisha udongo laini,
mwisho utando mweusi juu ya vyote.
"Huo mweusi," akasema, "ni shamba la mtu kule juu.
Kila masika linateremka kulala kwenye kalavati yetu."

Nikaandika: *Ilielezwa kuhusu hali ya mazingira.*

Akanunua rangi kwa posho yake.
Usiku wa Juni, baridi ya kupasua midomo,
aliingia mtoni na gambuti na tochi
akaichora nguzo ya daraja mistari myeupe, na mmoja mwekundu.
Watoto wa Iwelo wakajifunzia namba pale.
Wakipita kwenda shule hutangaza kama wauza karanga:
"Leo arobaini na mbili! Leo arobaini na mbili!"

Aliomba kalavati mbili, mita moja na nusu kila moja.
Wenzake walitaka lango la mji, lenye taa na neno KARIBUNI.
Mmoja akamwambia, "Mheshimiwa, hapa si maabara."
"Najua," akajibu. "Maabara ina mlango. Mto hauna."
Tulicheka. Waliosema siyo wakashinda.

Mwaka wa pili wakampa moja, ya sentimita tisini,
kama mtu anavyompa mtoto mfupa ili anyamaze.
Akapiga hesabu upya, daftari zima,
akazunguka nyumba kwa nyumba:
jengeni juu ya mstari mwekundu, chini yake msiweke hata banda la kuku.
Tusekile Mwambwiga akamsikiliza.
Akaijenga ghala yake juu ya mstari, kiganja kimoja tu juu yake.

Machi mvua ikanyesha siku tatu haikuvuta pumzi.
Asubuhi ya nne hakuna mtoto aliyetangaza namba;
namba zote zilikuwa chini ya maji.
Magunia kumi na moja ya viazi vya mbegu
yalikwenda na mto, na mlango wa ghala ukayafuata.

Kikao cha dharura. Kila mmoja alikuja na lake mdomoni:
kazi ya Mungu. Tabianchi. Mkandarasi. Wizara.
Akasimama, gambuti bado miguuni, tope kwenye zulia.

"Nilikosea," akasema.
"Sentimita kumi na nne.
Nilitumia vipimo vya mvua vya miaka ile
ambayo kule juu bado kulikuwa na miti.
Mama Mwambwiga nimekwishamwambia. Mstari nitauhamisha kesho."

Akakaa.

Nilisikia friji ya soda ikinguruma.
Kalamu yangu ikasimama kama punda kwenye daraja.
Niliandika *ilikosewa*, nikafuta.
Niliandika *ilibainika kuwa*, nikafuta, karatasi ikatoboka.
Lugha yote ya serikali niliipekua
nikakosa mahali pa kuliweka lile *ni* dogo la mwanzo.

Mwezi uliofuata Meya akauliza, kama kawaida,
iwapo muhtasari una marekebisho, ukurasa wa sita.
Karatasi zikafunuliwa. Macho yakanijia mimi, si yeye.
Subilaga alikuwa anachonga penseli,
na maganda anayadondoshea ndani ya ile chupa.